Penseli Isiyosomeka

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Mzee Penseli, mtunza mafaili wa hospitali. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba kile kile, rafu mpaka darini. Ukimtajia jina lako, faili anakuletea kabla hujamaliza kukohoa.

Kwa nini Penseli? Kwenye pembe ya kila faili aliandika kwa penseli lile ambalo daktari angelisahau. "Sikio la kushoto halisikii." "Sindano hii inamdhuru." Wenzake walimtania: mzee, kalamu zimekuishia? Naye huwajibu, "Mtu hubadilika, wino haufutiki."

Kisha zikaja kompyuta. Kila faili likapigwa picha na mashine. Na mashine, jamani, haikuona penseli. Narudia: haikuona penseli. Pembe zote zilitoka nyeupe. Akaenda kwa mkuu wake. Akajibiwa, "Mzee wangu, mfumo unajua kila kitu. Una wiki mbili, kisha karatasi zinachomwa." Wenzake wakainamia kazi zao. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye atakayefuata kuwekwa kando.

Mkewe anasimulia: "Alirudi vidole vimevimba, chakula hagusi. Akaniambia, mke wangu, mimi wameshanitupa, sawa. Wagonjwa wamekosa nini?"

Wiki mbili alipitisha wino juu ya penseli, faili baada ya faili, kisha akalipitisha tena kwenye mashine, ili sasa isome. Binti yake akamuuliza, "Baba, na la kwako, lenye onyo la ile sindano inayokudhuru?"

Akacheka. "La kwangu baadaye. Mimi si najijua?"

Wiki mbili zikaisha. Faili lake halikufikiwa. Karatasi zikachomwa, naye akawekewa kiti mlangoni, awaelekeze watu kwenye kompyuta. Uchungu ulioje!

Mwezi uliopita alianguka pale pale kitini. Kauli ikamkatika. Muuguzi akatazama kompyuta: hakuna onyo lolote. Akamchoma sindano ile ile. Binti alifika mbio, akipiga kelele wasimchome. Walikuwa wameshamchoma. Mzee alifariki jioni hiyo.

Mama, na wewe binti, poleni sana. Maneno ya kuwafariji sina, nisiwadanganye.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kazini kwenu yupo mtu anayejua jambo ambalo mashine haijui. Kamuulizeni, angali anaweza kusema.