Karatasi Ilisema Sikufika kwa Examen

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe, na tena asifiwe! Ni wiki tatu sasa tangu nijue jambo hili, na mpaka leo nikiamka asubuhi ninashtuka upya, sawa mutu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Kwa wale wasionijua, naitwa Mauwa, binti wa Mwalimu Kalenga wa hapa mu kambi ya wakimbizi. Kule Congo Papa alikuwa anafundisha masomo ya musingi. Hapa analima mihogo na kuuza chumvi na sabuni. Mama yangu alifariki zamani. Aliyenilea ni mama ya Papa, Nkambo Feza. Njo yeye alinibeba ku mugongo siku tulipokimbia vita, hata kama nilikuwa nimekwisha kukua, juu miguu yangu ilikuwa imevimba na sikuweza tena kutembea.

Nimekuja kuongea juu ya Nkambo. Nimekuja kuongea pia juu ya dhambi yangu, na ya kwenu kidogo. Munisikilize mpaka mwisho.

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo kule Nchelenge, gredi ya kumi na mbili, tulikuwa na mwalimu aliyekuwa anatusaidia kupanga maisha ya mbele. Tunamuita Ba Madam Chola. Siku moja alitugawia karatasi, akasema tuandike njia tatu: ya kwanza, na ikikataa ya pili, na ikikataa ya tatu. Wenzangu waliandika ualimu, kilimo, kushona, udereva, kurudia mutihani. Mimi niliandika *infirmière*, muuguzi, ku mustari wa kwanza, *infirmière* ku wa pili, *infirmière* ku wa tatu. Ba Madam alisoma, akacheka, akaniuliza, “Na kama ule mulango umefungwa, Mauwa?” Nikamujibu hautafungwa, ninaomba Mungu. Ndugu zangu, kilikuwa kiburi, na mimi nilikiita imani!

Kati ya mitihani yote, examen niliyoogopa zaidi ilikuwa ya biolojia, juu bila biolojia hakuna chuo cha wauguzi kitakachokupokea. Ile asubuhi Nkambo aliniita jikoni. Alishika mukono wangu wa kuume, akatema mate kidogo mu kiganja, akafunga vidole vyangu kimoja kimoja. Munajua vile wazee wanabariki mutoto, sisi wa ng’ambo na Wabemba wa hapa, wote tunajua. Akasema, “Enda. Huu mukono uandike muzuri.” Nikaenda. Niliandika kurasa zote, nikatoka nikicheka.

Matokeo yalitoka wakati wa mvua nyingi. Ile karatasi waliyotupa yenye numero ya mutihani ilikuwa imelowana mu sanduku, haisomeki. Lakini Papa ni mwalimu, hapotezi kitu: alikuwa amenakili ile numero nyuma ya Biblia yake. Nikasoma pale, nikaandika numero mu telefoni, nikatuma mesaji kwa wenye mutihani, sawa wanafunzi wote. Jibu likarudi, bila jina, numero na masomo tu. Hesabu, umeanguka. Kingereza, umeanguka. Kemia, umeanguka. Biolojia: hakufika.

Hakufika!

Niliketi chini mu matope. Kuanguka ni kitu kimoja. Lakini mutu aliyeketi ku kiti saa nzima na zaidi, akaandika mpaka vidole vikauma, namna gani wamuambie hakufika? Tulienda ku masomo, ku shule yenyewe, mara moja, Papa na mimi. Tukakuta biro ya walimu imefungwa, mulinzi akasema walimu wote wako mu mukutano. Hatukurudi tena, juu njiani watu walituambia kuna mwenye kutoa jibu lingine.

Munakumbuka mutumishi aliyepita hapa na mikutano ya maombi? Sitataja jina lake. Papa alinipeleka mbele yake, hapa hapa ndani ya kanisa, nyinyi mukiwa mumejaa. Akasoma ile mesaji, akafunga macho, kisha akauliza, “Nani alishika mukono wako ile siku ya examen?”

Nikasema, “Nkambo wangu.”

“Alitia nini?”

“Mate.”

Akapiga kelele, “Njo pale! Mwili wako uliketi mu kalasi, lakini mukono wako ulibakia nyumbani, mu mufuko ya ule muzee!”

Na kanisa lote likasema Amina. Mimi pia nilisema Amina. Yangu ilikuwa ya kwanza.

Nkambo alikuwa ameketi upande wa wamama. Alisimama polepole, akanitazama mimi, hakumutazama mutumishi. Akasema, “Mauwa, miye sijue kusoma. Nitaficha karatasi gani?”

Mimi njo nilipaswa kumujibu, nikageuza uso.

Ile juma Papa alimujengea kibanda cha majani kule mwisho wa mashamba, karibu na majani marefu, mbali na nyumba zote. Sahani yake ikatengwa, kikombe chake kikatengwa. Watoto wakakatazwa kupita pale. Wamama waliokuwa wakichota naye maji wakaanza kungojea aondoke kwanza. Na mimi nilisema siwezi kulala mu kambi moja na mutu aliyeniua nikiwa muzima. Nikaamua kwenda Kilwa, kisiwa cha mu ziwa la Mweru, kwa Tantine Odia, dada ya mama, nikamusaidie kuanika samaki.

Siku ya kuondoka, Nkambo alikuwa amesimama njiani na karanga za kukaanga mu kitambaa. Alininyooshea mukono wenye kitambaa. Nikapita. Ndugu zangu, nikapita sawa vile mutu anapita muti! Na tulipofika katikati ya maji, nilitia mukono wangu wa kuume ndani ya Mweru, nikausugua na mukono mwingine mpaka ngozi ikauma. Watu wa mutumbwi wakaniuliza kama nimeungua. Nikasema ndiyo.

Kule Kilwa nilimwaga chisense ku muchanga asubuhi, nikavigeuza, nikafukuza ndege, nikakusanya jioni. Ni vijisamaki vidogo sawa kidole cha mutoto, lakini vinachosha mugongo. Kazi haikuniumiza. Kilichoniumiza ni maombi yangu. Nilikuwa ninafunga chakula, siku tatu, siku saba, na munajua nilikuwa ninaomba nini? Niliomba Mungu amupige Nkambo. Niliomba kifo cha mutu aliyenilea! Na nikimaliza nilikuwa ninaimba nyimbo za sifa, na mudomo ule ule. Tantine alikuwa anasema, “Mauwa wetu ni mutoto wa maombi.” Yesu, unihurumie!

Nilikaa miezi mingi. Sikuandikia chuo chochote, sikuuliza mutu. Ile njia yangu moja ilikuwa imefungwa, na sikukuwa na nyingine.

Basi, wiki tatu zilizopita Tantine alinituma ku bandari ya Kabuta, huku nchi kavu, na mifuko ya samaki. Nikashuka ku mutumbwi, pale wenye velo wanafunga ku baiskeli mizigo ya kupeleka bara. Nikasikia mutu anaita jina langu kwa sauti ya kalasi, ile sauti inayokufanya unyooshe mugongo. Nikageuka. Ni Ba Madam Chola, ana kikapu, alikuja kununua samaki.

Hakunisalimu. Alisema kwa Kibemba chake, akichanganya na Kiswahili cha soko, “Mwe Mauwa, ulikuwa wapi? Mbona hukuja kuchukua karatasi yako?”

Nikamuuliza, “Karatasi gani, Ba Madam?”

“Ya matokeo! Inakaa mu kabati yangu tangu mvua. Wenzako wote walichukua. Mimi nilifikiri umerudi Congo.”

Nikamuambia, kwa haya, “Ba Madam, mimi nilianguka. Na biolojia walisema sikufika.”

Aliweka kikapu chini. Akanitazama usoni, sawa mutu anayetafuta kama nimekunywa kitu. “Nani alikuambia? Biolojia, wewe ulipita kalasi yote. Wote! Nilionyesha walimu wengine karatasi yako.”

Mifuko ya Tantine niliiacha pale pale ku muchanga, mama mumoja muchuuzi njo aliniangalizia. Tulipanda gari na Ba Madam mpaka Nchelenge, mimi nikinuka samaki. Akafungua biro, akafungua kabati, akatoa karatasi. Jina langu lote. Hesabu, nimepita. Kingereza, nimepita. Kemia, nimepita. Biolojia, alama ya juu kabisa.

Niliisoma mara ngapi, sijui. Ba Madam aliniuliza, “Ulituma numero gani?” Ile numero naijua kwa kichwa, nililia nayo miezi yote. Nikamutajia. Akafungua daftari yake ya majina, akateremusha kidole.

“Hii ya mwisho ni saba. Saba ni ya yule muvulana aliyeacha katikati ya examen, akaenda ziwani na kaka zake. Njo yeye hakufika biolojia. Yako inaisha na moja, Mauwa. Moja. Nani alikupa saba?”

Nani? Nilitembea mpaka kambini na hiyo karatasi kifuani. Sikumusalimu Papa. Nilichukua Biblia yake, nikafungua nyuma. Pale palikuwa mwandiko wake wa kule Congo, wa mwalimu aliyefundishwa kwa Kifaransa: moja yake ina mukia mrefu unaopanda kutoka chini, kisha inashuka. Nilikuwa nimesoma moja, nikasema saba! Na saba ya Papa, tangu nikiwa mutoto ninaijua, ina mustari katikati. Hakuna siku hata moja Papa aliandika saba bila ule mustari. Nilijua! Yeye njo alinifundisha kuhesabu! Lakini ile siku ya mvua nilikuwa na haraka na woga, na macho yangu yaliona walichoona.

Papa alitazama ukurasa, akatazama karatasi. Akaketi chini. Akasema neno moja tu, “Mama.” Akasema tena, “Mama.”

Nikaenda peke yangu kule mwisho wa mashamba. Nilimukuta anachagua maharagi ku lungo. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti mbali, juu niliogopa kumukaribia, nikamuambia yote: numero, mesaji, mukia wa moja, hata maombi yangu ya Kilwa. Hilo la mwisho nilitaka kulificha, likatoka lenyewe.

Alitoa jiwe moja mu maharagi, akalitupa. Kisha akauliza, “Donc, kumbe ulipita?”

“Nilipita, Nkambo.”

“Na ile ya magonjwa na mwili?”

“Hiyo njo nilipita zaidi.”

Alipiga vigelegele! Peke yake, kule mu majani, na sauti yake iliyokauka! Mimi nikaanguka kifudifudi. Nilingojea anitukane, anilaani, anifukuze, na hiyo yote ilikuwa haki yangu. Yeye alifurahia karatasi yangu.

Lakini ndugu zangu, musifikiri ilikuwa rahisi. Nilipotaka kumushika mukono, aliurudisha. Akasema, “Ngoja. Nimekusikia. Lakini mulinichafua mbele ya batu. Unisafishe mbele ya batu. Kwa batu bale bale, mu ile nyumba ya Mungu ile ile. Kisha njo nitashika mukono wako.”

Hii njo sababu nimesimama hapa. Sikuja kwanza kuomba munishangilie juu ya examen. Nimekuja kusema wazi, na kila mutu asikie: Nkambo Feza si muchawi. Hakuficha kitu, hakufunga kitu. Alinibariki, na Mungu akasikia baraka yake, na mimi nikamulipa na matusi. Nilisema uongo juu yake bila kujua, na nilipaswa kujua, juu hata kurudi mara ya pili ku biro ya masomo sikurudi. Papa yuko pale, hawezi bado kuinua kichwa. Mumuombee. Kile kibanda alikivunja yeye mwenyewe, na kitanda cha mama yake kimerudi mu chumba cha ndani.

Bwana aliniokoa na nini? Wengine wananiambia aliniokoa na kuanguka. Hapana! Sikuanguka hata siku moja. Aliniokoa na chuki. Nilikuwa nimefungwa, na aliyenifunga nilikuwa mimi. Kama Ba Madam hangekosa samaki nyumbani kwake ile siku, ningekuwa Kilwa mpaka sasa, ninaomba mutu afe. Mungu hakujibu yale maombi! Ninamushukuru kwa kila siku aliyokataa kunisikia!

Vijana wenye kumaliza mwaka huu, munisikie. Mukipata jibu mubaya, mwende ku masomo wenyewe, na biro ikifungwa murudie. Muombe karatasi yenye jina lenu. Muandike njia ya pili na ya tatu, Mungu anaweza kupita hata pale. Mimi vyuo vya mwaka huu vilinipita. Nimeandika upya: cha wauguzi kwanza, kisha cha ualimu, na kama vyote vinakataa, kuna kliniki ya kambi inatafuta watu wa kujitolea. Sijajibiwa bado. Lakini ninalala usingizi.

Na wewe mwenye kutenga sahani ya mutu nyumbani kwako leo, juu ya mutoto aliyeanguka, juu ya kazi iliyopotea, juu ya ugonjwa: umuamini Mungu, na uulize tena. Enda umusalimu kabla chakula cha leo hakijaiva.

Nimemaliza. Yesu apewe sifa, mimi nipewe haya yangu. Nkambo yuko pale nyuma kabisa, ku mulango, juu tangu ile siku hakuna aliyemupa nafasi ku benchi. Amekuja kusikia kama nitasema.

Nkambo, nimesema.

Wamama, mumupishe. Musogeze miguu, muondoe vikapu njiani. Anakuja. Mumupishe apite.