Aliyeuona Mwisho wa Mchezo

Ndani ya basi dogo la kupitia Himbi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamume wa miaka arobaini hivi alikuwa akitazama kwenye simu mchezo wa zamani wa video, wa kinyama kinachorukaruka juu ya mawe. Mama aliyekaa karibu naye akamuuliza kama huo si wa watoto.

“Huu ulitoka mwaka wa 1998, mama. Leo banausema vibaya kwenye mitandao, lakini kule mutaani kwetu Murara tulikuwa tunapanga mustari ili tuucheze. Na hakuna aliyeumaliza.” Akapunguza sauti ya simu. “Kusema kweli, binti mumoja aliumaliza, Bénita. Vijana bakakataa, bakamuita muongo. Bakaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye. Nikasema sikuona kitu.”

“Na uliona?”

“Niliona yote, mpaka mwisho.”

Mimi nikageukia dirisha, kama mtu asiye na masikio.

“Alinitazama tu, akaweka manette ya kuchezea chini, hakurudi tena. Sasa anatumika kazi hapa Himbi. Nikimuona, navuka barabara.”

“Basi shuka, umuombe musamaha.”

“Vingt-cinq ans, miaka yote hiyo, mama! Kwa muchezo? Atanicheka.”

“Akucheke. Wewe unaogopa kuchekwa, yeye aliitwa muongo.”

Basi likasimama. Mkusanya nauli akawaita wa kushuka Himbi. Mwanamume akazima simu, lakini hakuinuka. Mama, ambaye safari yake ilikuwa bado, akasogeza magoti ili ampishe, akabaki hivyo hivyo.