Siti na Sinia la Unga

Enzi za Mwingereza, hapo Kilwa Kivinje, benchi la Pazi muuza kahawa lilisimama kwa miguu mitatu na jiwe, na waliolikalia walijua kila jambo la dunia isipokuwa mguu wa nne ulikokwenda. Alasiri hiyo Kibwana, fundi chokaa, alifika na sinia la unga. Mwalimu wa skuli alikuwa amemwambia kwamba binti yake, Siti, asipoandika jina lake Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Darasani mtoto huandika herufi moja pembeni mwa kibao, kisha hulia.

— Mkono haujaiva, alisema Bakary, aliyeitwa Wakili kwa kupenda kesi zisizomhusu. Akamue tui kila asubuhi. Kalamu yenyewe itamwogopa.

— Amekamua, alijibu Kibwana. Tumekula wali wa nazi mpaka paka kakinai.

— Basi mfinyangie herufi za visheti, alisema Pazi akimimina kahawa. Kila atakayoipatia, aile.

— Kazila zote. Sasa anataka visheti, kuandika hataki.

Yunusu, jina la kijiweni Dira, alitikisa kichwa.

— Mnapoteza muda. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mpelekeni Mingoyo.

— Mingoyo kuna nini? aliuliza Pazi.

— Njia panda. Akiona magari yanavyopinda, mkono nao utajua kupinda.

— Wewe Mingoyo umefika?

— Habari zake ninazo.

— Samaki mkunje angali mbichi, alidakia Wakili. Mfunge kalamu vidoleni, alale nayo.

— Huyo samaki ni mwanangu, Wakili. Nitakukunja wewe.

Wakacheka. Kibwana hakuwa na wasiwasi. Alikwisha kusuka herufi za ukili, akazishonea kwenye mkeka, Siti akazipapasa macho kafumba. Sasa kwenye unga mtoto aliandika jina zima, safi kama lipu.

Siti akatokea, katoka chuo cha Kurani, juzuu kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Haya mama, waonyeshe hawa.

Kidole kikaanzia mkono wa kulia wa sinia, kikaja kushoto, herufi baada ya herufi. Jina likasimama.

— Jumatatu watamtaka awe mwalimu, alisema Pazi. Kahawa ya raundi hii yangu.

Siti hakucheka. Aligusa ukingo wa kushoto wa sinia.

— Baba, mwalimu anasema nianzie huku. Nikianzia huku, zilizobaki nitaziweka wapi?

Wakili akamtazama Dira, Dira akatazama kikombe. Wote walisomea chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyewahi kulianza neno upande huo. Kibwana alikariri sura za herufi za skuli kwa macho tu. Mkono wake ukamfundisha mtoto kama wenyewe ulivyofundishwa, kulia kwenda kushoto.

Akausawazisha unga kwa kiganja, taratibu, kama anayerudia ukuta.

— Kosa la fundi hili, mama. Ile S, yule nyoka uliyekuwa ukimweka mwisho, leo anatangulia. Anza naye huku kushoto. Nafasi iko mbele yako.

— Si nilisema mnataka njia panda? alinong'ona Dira.

Kahawa ilipoa mikononi, wakikitazama kidole cha Siti kikitoka ukingoni, kikienda.