Aliyeandika Hapo Juu ni Mwongo: Maisha ya Preben Holmgaard, 1956–2023

Ndugu, majirani, na ninyi wageni mlioiacha mashua ya asubuhi ili mkae nasi: mimi ni Birthe Holmgaard, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Nimepewa kazi hii kwa sababu hakuna mwingine hapa aliyemjua akiwa na nywele. Nitasoma polepole ili binti yake, Vilayvanh, apate nafasi ya kutafsiri kwa Kilao, na pia kwa sababu nimechoka. Nimemuuguza tangu Julai, na mimi mwenyewe si msichana.

Kaka yangu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Februari 1956, mjini Esbjerg, Denmark. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Aksel Holmgaard, fundi wa reli, na marehemu Gerda, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akisema kwamba watoto wengine hujifunza kutembea wakimwendea mama, ila Preben alijifunza akiuendea mlango. Alisoma shule ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1963 hadi 1972. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Ribe, akakaa miaka miwili na nusu, akaacha bila kugombana na mtu. Ripoti yake ya mwisho bado ninayo. Mwalimu ameandika: "Preben yupo darasani, ila hayupo."

Tarehe 4 Septemba 1978 tulipanda treni sisi wawili, kila mmoja na shanta mgongoni. Mama alituambia tuwe tumerudi kabla ya Krismasi. Mimi nilirudi Mei, nimekonda kama ufagio. Yeye hakurudi kwa maana halisi ya kurudi. Kwa miaka kumi na tisa alikuja nyumbani kila kiangazi, akachuma nyanya kwenye vibanda vya vioo karibu na Odense, na mvua za vuli zilipoanza akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri. Mwenye shamba alimtunzia buti zake mlangoni mwaka hadi mwaka.

Watu wanaotuona tukipita na mashanta hudhani ni raha tupu. Mimi nilimfuata majira mengi ya baridi, kwa hiyo niruhusuni niseme. Unalala chumba cha watu wanane. Mmoja anakoroma, na mwingine anapanga vitu vyake kwenye mifuko ya plastiki inayochakarika tangu alfajiri. Soksi hazikauki. Unabishana na dereva wa bajaji nusu saa nzima, mnakubaliana, halafu anakupeleka dukani kwa shemeji yake. Tumbo linakuendesha safarini, na basi halisimami. Basi likisimama, unashuka na kukutana na mtu kama wewe, naye anakuuliza maswali yaleyale matatu: unatoka wapi, uko njiani muda gani, unaelekea wapi. Preben aliyajibu maswali hayo kwa miaka mingi bila kukunja uso, Varanasi, Medan, Chiang Mai, kote. Mimi nilianza kudanganya tangu wiki ya pili. Niliwaambia naitwa Olga na ninafundisha kinanda.

Machi 1997 alifika hapa Ban Houaykeo kwa mashua. Alimwomba Bounmy, mwenye nyumba hii ya wageni, chumba cha usiku mmoja. Nyumba ilikuwa na vyumba vitano vya mianzi, ukumbi unaotazama mto Nam Ou, na jogoo asiyejua saa. Alikaa wiki tatu. Barua aliyoniandikia ilikuwa na mistari minne: "Nimepata mahali. Kimya. Mwenye nyumba ananicheka ninavyokula wali wa kunata. Usimwambie mtu."

Hilo la "usimwambie mtu" ndilo lililotuletea mambo, na sasa lazima niseme jambo ambalo marehemu aliniagiza.

Siku hizo, kabla ya kila mtu kutembea na simu, kila gesti ya watu wa shanta ilikuwa na daftari lake kwenye meza ya mapokezi. Uliandika humo mashua gani inavuja, tambi za nani ni nzuri, nani mwizi. Aliyekuja baada yako alisoma na kuamini. Sheria ilikuwa moja tu: ukurasa hauchanwi. Asiyekubali lililoandikwa aliandika jibu lake chini. Na kulikuwa na ubinafsi wetu mmoja mbaya. Mtu akipenda mahali, aliparushia matope daftarini ili wengine wasipajae. Tulifanya sana. Mimi niliutukana ufukwe mmoja wa Sumatra hadi leo ninaona haya.

Preben alikuwa akikaa hapa miezi mitatu, anakwenda zake, anarudi. Kati ya mwaka 1998 na 1999, katika gesti kumi na moja za njiani kutoka Luang Prabang hadi Muang Khua, aliandika hivi: "Ban Houaykeo: usishuke mashua. Kunguni, panya, na mama mwenye nyumba ana mkono mrefu." Chini yake alitia sahihi kama kawaida: P., Esbjerg.

Wageni wakakatika. Alifurahia kimya chake, akalala ukumbini kwenye kitanda cha wavu, na hakujiuliza kwa nini Bounmy amepunguza kuku, au kwa nini vyumba viwili vimefungwa na paa lake halijaezekwa. Mapenzi yana upofu wake, lakini huo ulikuwa wa kujitakia.

Januari 2000 akashuka msichana wa Austria, Roswitha, peke yake. Bounmy akamkaribisha chai, akamuuliza kwa nini siku hizi watu hawashuki.

"Mama, kwani hujui? Daftari za huko zinasema una kunguni, tena unaiba."

"Na wewe umekuja kuibiwa?"

"Mimi nimekuja kwa sababu hiyohiyo. Mahali panapotukanwa namna ile lazima pawe pazuri."

Bounmy alicheka, akasema kwamba labda ni kheri, maana baada ya mwaka mpya wa Aprili atafunga nyumba na kwenda ng'ambo ya Mekong kushona viatu kiwandani kama dada zake. Preben alikuwa ukumbini, hatua tano tu kutoka hapo. Alisikia kila neno.

Kesho yake alimwambia Bounmy anakwenda kuongeza viza. Bounmy alimfunga nyuzi nyeupe mikononi, kama wanavyofungwa hapa wanaosafiri, akamwombea roho zake zote zirudi naye. Alikwenda wiki saba. Aliingia gesti moja baada ya nyingine, kwa mashua, kwa malori ya kuku, siku nyingine kwa miguu, akiomba daftari la zamani kama mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa. Hakuchana kurasa. Kila mahali aliandika chini: "Aliyeandika hapo juu ni mwongo. Ni mimi. Nyumba ni safi, mama ni mwaminifu, nendeni. P., Esbjerg."

Alipata madaftari kumi. La kumi na moja, la gesti moja ya Muang Khua, halikuwapo. Mwenye gesti alikuwa ameuza na kuhama, na jirani alidhani mchwa wamelila.

Aprili wageni walianza kushuka tena mashua. Bounmy hakufunga nyumba. Tarehe 11 Februari 2001 walifunga ndoa hapa ukumbini. Nilikuwapo, na nilifungwa nyuzi nyingi hadi mikono ikawa mizito. Vilayvanh alizaliwa tarehe 30 Juni 2003. Kaka yangu akawa mtu wa nyumbani: aliezeka paa, aliosha mashuka kama Mama, na jioni aliwauliza wageni maswali yale matatu na kusikiliza majibu. Hakupanda tena basi la masafa marefu ila kwa mambo ya viza. Wakati wote huo hakumwambia mkewe.

Ugonjwa wa mapafu ulimwanza mwaka 2019. Kwanza alipumzika katikati ya ngazi akisingizia kuutazama mto. Baadaye hakupanda ngazi kabisa. Julai mwaka huu Vilayvanh aliniandikia nije. Siku moja, mtungi wa hewa ukiwa pembeni yake, aliniambia habari yote hii, nami ndiyo kwanza naisikia.

"Mdogo wangu, ukisoma wasifu wangu, liseme hilo. Mbele ya Bounmy."

"Mwambie mwenyewe. Huyo hapo jikoni."

"Kesho."

"Kesho ipi, Preben? Mapafu yenyewe hayo."

"Akijua atanifukuza."

"Akufukuze uende wapi? Hata ngazi huwezi."

Alicheka hadi akakohoa, na mimi nikajuta. Nilimsukuma Agosti, nikamsukuma Septemba. Kila siku ilikuwa kesho. Nilimkasirikia sana, na ninasema wazi hapa mbele yenu, kwa sababu niliona atanitwika mimi mzigo alioubeba miaka ishirini na tatu. Ndicho alichofanya. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba, saa moja asubuhi, mkono wake mkononi mwa Bounmy.

Sikuwa na moyo wa kumwaibisha wifi yangu mbele ya kijiji. Kwa hiyo juzi, tulipotoka kumchoma moto marehemu, nilimpa karatasi hizi azisome kwanza, Vilayvanh akimsaidia kwenye maneno magumu. Niliketi pembeni nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Alisoma, akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gunia la mchele. Kilikuwa daftari la Muang Khua.

"Limetoka wapi, wifi?" nikauliza.

"Nahodha wa mashua aliniletea. Alisema, soma wanavyokutukana."

"Lini?"

"Kabla ya yule msichana wa chai. Mwezi mzima kabla."

"Kwa hiyo ulijua ni yeye?"

"Esbjerg wangapi wamepita hapa?"

Nikamuuliza kwa nini, kama alijua, alimuuliza yule msichana. Akasema alimuuliza kwa sauti ili aliyeko ukumbini asikie. Na kiwandani hakuwa na nia ya kwenda.

"Nilitaka kuona atafanya nini. Aliposema viza, nikajua anatoroka. Nikamfunga nyuzi hivyohivyo. Wageni waliporudi Aprili na kuniambia kilichoandikwa chini, nikamsamehe siku hiyohiyo."

"Mbona hukumwambia? Mtu amekufa na jambo limemkaa kifuani!"

"Nilingoja aseme yeye. Wifi, nyie watu wa shanta nawajua. Mtu wenu akiaibika hagombani, anabeba shanta lake, anapanda mashua. Niliogopa ataondoka."

Basi nilikuwa nimekaa na watu wawili tangu Julai, mmoja akiogopa kufukuzwa, mwingine akiogopa kuachwa, nami katikati nikibeba mitungi ya hewa. Nilitaka kuwapiga wote wawili, ila mmoja alikuwa ameshakwenda. Nikatazama juu ya jiko, kwenye msumari ambako linaning'inia lile shanta la turubai alilotushonea Mama mwaka 1978.

"Wifi," nikasema, "shanta lake si hilo?"

"Ndilo."

"Tangu lini unaweka vitunguu humo?"

Akafikiri. "Alinipa mwenyewe. Mwezi ule alipozaliwa Vilayvanh. Akalikata mikanda, akasema linafaa kwa vitunguu."

Kisha akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amelitazama shanta lisilo na mikanda kwa miaka ishirini, kila mara alipopika, na bado aliogopa. Tulilia wote watatu, na vitunguu vilipata lawama bure.

Aliniomba nisome hapa alichoandika kwenye daftari hilo, chini ya matusi ya mumewe, mwaka waliooana. Sheria ni sheria, hakuchana ukurasa. Ameandika: "Kunguni hakuna. Mwongo yupo mmoja. Ameezeka paa, nami namngoja aseme. Bounmy, mwenye nyumba."

Marehemu ameacha mjane, Bounmy, binti, Vilayvanh, mdogo wake, ambaye ni mimi, na wapwa wawili, Jeppe na Sidsel, walioshindwa kufika. Leo majivu yake tunayaweka kwenye kimnara kilichoko ukutani mwa hekalu, upande unaotazama mto. Daftari litabaki mezani ukumbini. Mwenye neno lake juu ya Preben aliandike chini.

Kaka, nimesoma kama ulivyoniagiza. Alikuwa anajua. Sasa pumzika, na amani yote iwe yako.