Nilimwita Mwizi kwa Sababu ya Kambamiti

Ndugu wafugaji wenzangu, vikao vitatu nimekaa nyuma nikishindwa kusimama, maana ninachokuja kukisema kinanitia aibu.

Mnajua nilistaafu ofisini. Ninaishi Kongowe, na bwawa langu la kambamiti wa maji baridi liko Mzenga. Kwa sababu ya umbali, nilimwachia mama mmoja wa kijijini pale kazi ya kuwalisha. Mtu mzima, kanizidi umri.

Siku ya kuvuna tukavuta wavu. Wachache walikuwa wakubwa, wenye magando marefu. Waliobaki hawakufika hata kidole changu. Na wote niliwapandikiza siku moja. Nikaamua kichwani mwangu kwamba chakula kinaibiwa. Ndugu zangu, nawaambia, hata pembeni sikumwita. Nilisema mbele ya majirani, na mkwe wake akiwepo: "Mama, chakula changu unawapa kuku wako."

Akanikabidhi ndoo ya chakula, akaondoka.

Nikapandikiza wengine, nikahamia Mzenga kwa muda, nikalisha kwa mkono wangu asubuhi na jioni. Tulipovuta wavu, yakawa yale yale: wachache wakubwa, wengi wadogo. Safari hii sikuwa na mtu wa kumsingizia.

Nikamwita mtaalamu wa uvuvi. Aliwapanga kwenye beseni, akaniambia, "Hawa hawakunyimwa chakula. Miili yao haikitumii sawa." Akaeleza kuwa mmoja anakigeuza nyama, mwingine kinaishia kwenye kuhangaika na kuwakwepa wakubwa. Tukawatoa wakubwa. Baada ya wiki kadhaa, wale wadogo wakaanza kujaa mwili.

Wengine wangefurahi. Mimi nilishindwa kula.

Nilitaka nimwendee yule mama peke yangu, kimyakimya. Mke wangu akakataa. Akasema nilimvunjia heshima hadharani, basi na radhi nikaiombe hadharani. Nikawaita majirani walewale, nikasema nilikosea.

"Nimekusamehe," mama akasema. "Ila kuku niliwachinja wote. Kila aliyepita alikuwa anawaangalia."

Nilimwomba arudi kazini. Hakutaka.

Namshukuru mke wangu, namshukuru mtaalamu, na yule mama kuliko wote. Nanyi, wavu ukitoka na wadogo, chunguzeni bwawa kabla hamjamtaja mtu. Mimi hadi leo nikipita kwake namwamkia, naye ananiitikia marahaba. Hanikaribishi ndani, wala simlaumu.