Kona Niliyoiomba Mimi

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mliokaa karibu na mlango ili nikirefusha maneno mtoroke. Mumenitaka nieleze habari ya ile ngazi kabla hamjapiga kura juu ya ramani ya jengo la tatu. Sitamtaja mtu kwa jina. Nitakayemsema sana ni mimi, na mimi sina pa kwenda kujishitaki.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa nyumbani. Kuvuka feri kwenda mjini kwangu ni safari ya kuagana na watu. Mke wangu akiulizwa niliko, huwaambia wageni watafute kiti. Basi miaka ya themanini ilipokuwa ikimalizika, tukaambiwa nyumba zetu za makuti na mabati hapa nyuma ya soko zitabomolewa, tujengewe za ghorofa: maduka chini, watu juu, kodi ya mtu wa kibarua. Wapangaji wakatakiwa watoe wajumbe watano wa kukaa na mchoraji. Nikachaguliwa. Haikuwa kwa akili; nilikuwa na cheti cha fomu foo, na siku ya mkutano nilikuwako, maana siendi popote.

Mchoraji alikuwa dada mmoja wa kutoka bara, mtulivu. Kila Jumamosi alivuka na ramani zake kwapani, akauliza kila kitu. Mnapika wapi? Nguo mnaanika wapi? Mahamri yanachomwa wapi, yanauziwa wapi? Wale mama wauza viazi, yeye akawapangia vyumba vidogo chini, mlango ukitazama barabara, moshi ukitokea nyuma. Ndugu zangu, nawaambia, alitujua kuliko wajumbe wetu walivyotujua.

Tatizo lilikuwa tamaa yangu. Ramani ilionyesha ngazi ikishuka kwenye ukumbi mpana, na ukumbi ukitoka moja kwa moja barabarani. Mimi nikautazama ukumbi ule nikaona duka. Duka langu, chini ya nyumba yangu: nishuke na ndara, niuze, nipande nikalale. Nikamfuata.

"Dada, ukumbi wote huu wa nini? Kutachezwa ngoma?"

"Ni nafasi ya kupita, mzee."

"Mtu ahitaji nafasi ya mabega yake tu. Piga ukuta hapa, ngazi ikunje mara mbili, tupate duka moja zaidi."

"Na vitu vikubwa? Kitanda kitapitaje kwenye kona mbili?"

"Kitanda hufunguliwa, kikaenda kufungwa juu. Maisha ya hapa twayajua sisi."

Akasita. Akaniuliza kama wajumbe wote wamekubali. Nikasema ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa. Akachora.

Na hata ningewauliza, sijui nani angeliwaza lile. Nyumba zetu za Kiswahili mnazijua: mlango wa mbele, ukumbi umenyooka mpaka uani. Jeneza huingia na kutoka bila mtu kugeuza shingo. Tangu babu zetu, maiti hajapata shida ya njia.

Tukahamia. Nikafungua duka langu la njugu na viberiti. Mamangu alikaa nasi ghorofa ya tatu. Mwaka wa pili akafariki, asubuhi. Akaoshwa mle mle ndani, akakafiniwa, tukamtia jenezani, tukashuka naye. Ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, kalima ikisomwa, hakuna tatizo. Tukafika kwenye kona yangu.

Jeneza halikuzunguka. Tukalirudisha nyuma. Tukaliinamisha ubavu. Tukalinyanyua, likagonga dari. Waliokuwa nje waliendelea kusoma, hawajui mbona hatutoki. Mwisho ikabidi tumtoe. Mimi kichwani, ndugu yangu miguuni, tukampitisha mamangu mikononi, nusu amesimama, kama mgonjwa anayesaidiwa kushuka. Sanda ikakwaruza ukutani ikashika chokaa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa duka langu.

Jirani mmoja mzee, jasho likimtoka, akauliza, "Ni nani aliyeichora kona hii?"

Nikasema, "Yule mwanamke wa bara. Angejua nini yeye?"

Mtu akisema ameanguka, mwulizeni alianguka wapi. Mimi nilianguka pale, na mamangu hata hajafika kaburini.

Maneno yangu yakatembea kuliko miguu yangu ilivyopata kutembea. Barua ya malalamiko ikapelekwa ofisini kwao yule dada, nami nikatia sahihi. Dada akaondolewa kazini kwetu, na jengo la pili likakwama kabla ya kuchimbwa msingi. Wenzetu wa jengo hilo, waliokuwa wameshabomolewa nyumba, wakakaa misimu miwili ya mvua kwenye vibanda kando ya mtaro. Ugonjwa wa kuhara ukapita pale. Mnajua uliwachukua kina nani. Wazazi wao wako humu.

Mimi nikaacha kushuka. Dukani akauza mke wangu, nami nikasema nina baridi yabisi. Hata swala ya Ijumaa ikanipita.

Aliyenitoa ni mama aliyemwosha mamangu. Alipanda ngazi zote zile na magoti yake mabovu, akaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waumwa?"

"Baridi yabisi, mama."

"Ya ulimi." Akanywa chai yake taratibu. "Nilikuwa nikiuza mihogo pale mbele wakati wa kujenga. Nilikuona ukimwonyesha fundi ukuta upite wapi."

"Wakati wote huu wajua?"

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wewe ungeongeza uongo mwingine. Watu wako matopeni, mwanangu. Nimeosha watoto watatu wa pale. Nimechoka."

Jumapili ile nikasimama kwenye mkutano kama huu nikasema yote. Nilitarajia matusi, na afadhali yangekuja. Ndugu yangu, yule aliyeshika miguu, akainuka akatoka. Yule jirani mzee akasema, "Kwa hivyo mamako ulimzibia njia wewe." Nikasema ndiyo.

Kesho yake nikavuka feri. Nikamkuta dada akichora ua wa ghala. Nikamweleza mbele ya wakubwa wake. Hakunipa mkono. Aliniuliza neno moja tu: "Jeneza lenu lina urefu gani?"

Sikujua. Nililibeba, na sikujua.

"Rudi ukapime," akasema.

Aliporudishiwa kazi hakututandikia karatasi mezani. Alilichora jengo la pili zima kwa kamba na majivu kwenye uwanja wa shule, kwa ukubwa wake, kila mtu apite ndani na vitu vyake. Wamama wakapita na majiko na makarai, wakasogeza kamba walipobanwa. Jeneza likaazimwa msikitini. Majirani Wakristo wakaleta sanduku kutoka kwa seremala, likaonekana ni pana kuliko letu, ngazi ikaongezwa upana. Kisha dada akasema jeneza tupu halipimi kitu, wabebaji hutembea vingine wakielemewa. Nikalala mimi.

"Huu si mchezo," mzee mmoja akasema.

"Mwacheni alale," akasema mama muosha.

Wakanibeba. Sikuinamishwa hata kidogo.

Ukuta wa duka niliubomoa kwa nyundo siku tatu, maana hata kubomoa sikujua. Tangu hapo wametolewa watu watano katika jengo letu, na wote walitoka wamelala.

Namshukuru yule mama. Namshukuru mke wangu, aliyeuza njugu na kunyamaza. Namshukuru dada, aliyerudi kwa watu waliomtukana. Ndugu yangu mpaka leo hatuamkiani. Ushuhuda hautengenezi kila kitu, nisiwadanganye. Nilichojifunza ni hiki: mjumbe wenu akija na neno kwamba wote wamekubali, muulizeni yeye apata nini.

Ramani ya jengo la tatu ndiyo ile ukutani. Kamba ziko nje, na majivu yako kwenye debe. Kura ingoje kidogo. Inukeni twende tukaipite kwanza, na nyinyi wa mlangoni mtangulie.