Bati la Jiko la Mama Mujinga

Wasikilizaji wapendwa, kama uko garajini, zima kidogo mashine ya kuchomelea. Kama uko jikoni, inua macho utazame bati lililo juu ya sufuria yako. Leo tunamkumbuka mtu aliyetazama bati kama hilo akaona gari.

Jina lake Liévin Chishimba. Nalirudia, kwa sababu kuna waliotaka tulisahau. Liévin Chishimba, mzaliwa wa Kipushi, fundi wa Katuba. Moyo wake ulisimama wiki iliyopita, hapa hapa Lubumbashi. Jumamosi tumemzika.

Gari lake mnalijua. Lile jeusi, refu, lisilo na paa. Viti viwili tu. Magurudumu ya nyuma ni makubwa kuliko ya mbele. Injini haina kifuniko, na uso wa gari ni wa shaba nyekundu. Ni mtindo wa zamani, wa vijana wa Amerika waliokata magari ya kale na kuyatia injini kali. Papa Chishimba aliliona gari la namna hiyo kwenye kalenda ya kinyozi. Akaiomba kalenda. Kinyozi akamwambia, "Papa, mwaka haiyaisha!" Papa akangoja Desemba.

Kisha akajenga, miaka na miaka. Injini aliitoa kwenye gari la mgodi lililopinduka njia ya Kambove. Fremu aliiunga kwa mabomba ya chuma. Alipofika mkiani, bati likamwishia. Hapo ndipo alipoinua macho jikoni.

Mjane wake, Mama Mujinga, alinisimulia akicheka, na machozi yakimtoka:

"Natoka ku soko, nakuta jiko haina kichwa! Mvua inanyesha mu sufuria, mu mboga ya sombe. Namuita: 'Papa, bati iko wapi?' Ananijibu: 'Mama, iko mu safari.' Ile sombe tulikula na maji yake. Siku ile sikumusemesha tena."

Papa alilipiga bati nyundo mpaka mikunjo ikalala. Lakini matundu ya misumari hakuyaziba. Binti yake Chancelvie, naye fundi wa kuchomelea, alitaka kuyaziba. Papa akakataa. "Acha. Muntu akiuliza, yatajibu."

Na watu waliuliza. Ee, waliuliza! Mji wetu una ugonjwa huo, wasikilizaji wapendwa. Kitu kikiwa kizuri, tunatafuta mzungu aliyekiacha. Kila njia panda ilikuwa hivyo: "Vieux, muzee wetu, ni muzungu gani alikuachia motoka?" Naye anapunguza mwendo, ananyoosha mkono mweusi kwa mafuta. "Muzungu njo mimi, mimi mwenyewe! Shika mukono, lakini utachafuka."

Mwaka jana yakaja maonyesho ya magari ya kale, kule hoteli ya Karavia, na zawadi kwa gari bora. Mwandalizi, bwana Aimé, alimwalika Papa mwenyewe. Gari likapangwa mstari wa mbele. Lakini mbele yake pakasimamishwa kibao: *Gari la mkoloni, mwaka 1932.*

Papa akaomba kibao kibadilishwe, liandikwe jina lake. Liévin Chishimba. Basi. Bwana Aimé akamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Vieux, nyamaza kidogo. Bantu banapenda bintu ya bakoloni. Ukikataa, zawadi utaikosa."

Kabla Papa hajafungua kinywa, Mama Mujinga alipenya kati ya watu. Akainama nyuma ya gari. Akatia kidole kwenye tundu.

"Bwana Aimé, kuya hapa. Angalia. Iyi ni tundu ya musumari ya jiko yangu. Na hii. Na hii tena. Sasa uniambie: ile sombe ya maji, ni mukoloni gani alikula?"

Karavia nzima ikacheka. Papa akang'oa kibao, akakilaza chini mbele ya gurudumu. Mama akapanda. Injini ikawaka. Bwana Aimé alikuwa na hotuba yake siku hiyo, lakini hakuna aliyeisikia. Kibao kilivunjika, *kwa!* Na zawadi ikabaki huko huko.

Sasa sikilizeni. Papa bado hajazikwa, bwana Aimé akafika msibani. Alileta maua, akaleta na maneno. Analitaka gari, aliweke kwenye ukumbi wa maonyesho. Atalipaka rangi mpya, ataziba matundu, atatengeneza kibao kingine. Mnajua kitaandikwa nini.

Chancelvie akasimama.

"Nonko Aimé, maua tunapokea. Gari hapana."

Na Jumamosi aliliendesha mwenyewe, mbele ya jeneza la baba yake. Mvua ikatuangukia njiani. Mtu akamkimbilia Mama Mujinga na mwavuli. Akaukataa. "Acha tu. Iyi mvua na iyi bati vinajuana zamani."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sikusoma ushairi kwa mwalimu yeyote. Lakini siku ile, nikiwa nimelowa mpaka mifupa, nilitunga haya, na nayasema bila haya:

Shaba yetu, moto wetu, nyundo yetu, jasho letu,
Msiseme la mzungu, gari hili ni la kwetu.

Shaba ya ardhi hii hupakiwa kwenye malori, huvuka mpaka, kisha hurudi ikiwa gari la mtu mwingine. Papa Chishimba aliikatisha safari. Aliifua shaba hapa, Katuba, chini ya jua letu. Na kwa kazi hiyo alitaka jina lake tu. Wewe unayenisikia, umejenga nini kwa mikono yako, na umemwachia nani jina?

Mama Mujinga, Chancelvie, na nyote wa ukoo wa Chishimba, poleni sana. Katuba inalia nanyi. Kipushi inalia nanyi. Mungu amlaze fundi wetu pema.

Gari halitaingia ukumbini. Kesho litakuwa barabarani, Chancelvie usukani. Mkiliona limesimama njia panda, msimuulize ni mzungu gani aliyeliacha. Piteni nyuma yake. Inameni. Tieni kidole kwenye tundu.

Mtajibiwa.